Funua na kiwanda cha magodoro

Wakopaji ndio waliompa jina la Funua, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwita vinginevyo isipokuwa mkewe, aliyemwita Baba Pacha. Alikuwa afisa mikopo wa tawi letu la benki. Kazi yake ilikuwa kwenda kumwangalia mtu kabla hajapewa pesa, na kwenda tena kumwangalia akishapewa. Alikwenda kwa miguu, bila kutoa taarifa. Akifika dukani hakai. Anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anasimama mbele ya magunia, kisha anasema, "Funua." Si gunia la juu. La chini kabisa, lile ambalo mwenye duka anadai ni zito, mzee wangu, tutavunjika migongo bure. "Nitakusaidia kushusha," anajibu, na koti limeshavuliwa.

Siku moja alimfunulisha mwenye mashine ya kusaga nafaka kifuniko cha mashine yake. Ndani hamkuwa na injini.

"Injini imepelekwa kwa fundi, mzee."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Soko zima lilicheka wiki nzima, na mwenye mashine mwenyewe alicheka. Alinyimwa mkopo lakini hakununa, maana alijua ameangaliwa na macho ya mtu. Siku hizi mtu ananyimwa na simu. Simu inampa alama, kama mwanafunzi, na alama hiyo imetoka wapi hakuna ajuaye, hata karani anayeisoma. Hakuna wa kumfunulia gunia. Wanaita hayo maendeleo, nami sina wa kubishana naye, kwa kuwa wa kubishana naye pia wameondolewa.

Mimi nilikuwa mtunza mafaili wa tawi. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza kwa kusoma mafaili, na niliyoyapenda ni yale yenye ripoti za Funua. Ukurasa mmoja tu, mwandiko wa kusimama wima. Mwisho wa ukurasa aliweka kichwa chake mwenyewe ambacho hakikuwemo kwenye fomu ya benki: Mengineyo. Hapo ndipo alipoandika yale ambayo fomu haikuuliza. "Mengineyo: mke wa mwombaji hajui kama kuna mkopo." "Mengineyo: duka ni dogo na halivutii, lakini wanaodaiwa na mwombaji wanamlipa bila kukumbushwa. Apewe." "Mengineyo: mbwa ni mnono kuliko watoto. Asipewe." Wakubwa walikuwa wanazisoma ripoti zake kuanzia chini kwenda juu.

Mkopo wa kiwanda cha magodoro haukupita mikononi mwake. Ulitoka juu. Mwenye kiwanda alikuwa na hati ya kiwanja, suti mbili za kijivu na namba ya simu ya mtu wa makao makuu. Kompyuta ikampa alama nzuri, akapewa milioni mia nne, na baada ya miezi miwili akaacha kulipa.

Hapa lazima nieleze jambo moja, na halina ugumu wowote ingawa wenye benki hulivisha joho. Mkopo ukipita siku tisini haujalipwa unaitwa mkopo chechefu. Maana yake umeoza. Benki inalazimika kutenga pesa zake yenyewe kufidia hasara, na meneja wa tawi anaitwa kujieleza. Kwa hiyo kila siku ya tisini ilipokaribia, tawi lilimpa mwenye magodoro mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, na siku zikaanza kuhesabiwa tena kutoka moja. Kwenye karatasi akawa mlipaji mzuri kuliko mshona viatu wa pale mlangoni. Walifanya hivyo mara tatu. Kila safari faili lilinenepa, na mimi nikalifunga kwa kamba ndefu zaidi.

Safari ya nne, wakaguzi wa benki kuu wakaleta barua. Wanakuja Jumatatu, na kwa kila mkopo mkubwa uliopangwa upya wanataka ripoti ya afisa aliyefika mwenyewe mahali pa biashara. Meneja akamwita Funua.

Meneja wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini na nane, msafi, mpole, anayesalimia hadi mfagiaji. Simsemi kwa ubaya wa sura.

"Kaa, mzee."

"Niko sawa hivi hivi."

"Alhamisi dereva atakupeleka kiwandani. Andika utakachokiona. Sikuombi uongo hata neno moja."

"Naweza kwenda leo kwa miguu. Si mbali."

"Alhamisi," Meneja alisema kwa upole. "Leo wanafanya usafi." Kisha akafungua faili lililokuwa mezani, nami ndiye niliyekuwa nimemletea dakika tano kabla bila kujua la nini. "Nimepitia mkopo wako wa nyumba. Imebaki miezi kumi na minne tu ustaafu! Nyumba nzuri ile, nimewahi kupita pale. Sisi wengine bado tunapanga. Tusije tukaharibu mwishoni, mzee wangu."

Nyumba ya Funua ilikuwa ya mkopo wa wafanyakazi. Riba yake ni ndogo na inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Siku ya kustaafu, kiinua mgongo chake kingefuta deni lote na hati angekabidhiwa mkononi. Lakini mkataba ulisema pia kwamba mfanyakazi akifukuzwa, riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida, mara tatu ya ile, na kiinua mgongo kinazuiliwa mpaka shauri lake liishe. Mashauri hayo huisha lini? Najua mtu aliyezikwa akisubiri. Na mkewe, Mama Pacha, alikuwa amechanganya zege la msingi wa nyumba hiyo kwa mikono yake, akiwa na mimba ya miezi mitano ya mabinti wao mapacha.

Alhamisi dereva akampeleka. Dereva huyo aliniambia baadaye kwamba njia nzima mzee alikuwa akifungua na kufunga dirisha la gari hadi yeye akamuuliza kama anataka kutapika.

Kiwanda kilikuwa kinanguruma. Mashine tatu za kukatia sponji zinazunguka, vyerehani vinakimbia, magodoro yamepangwa mlangoni yakiwa na mifuko yake ya plastiki. Wafanyakazi thelathini na wawili, aliwahesabu. Wamevaa ovaroli za buluu ambazo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijanyooka.

"Karibu mzee wangu!" mwenye kiwanda alimpokea kwa mikono miwili. "Leo utafunua nini? Funua mwenyewe chochote, hapa hatuna siri. Chai kwanza?"

"Ahsante, nitazunguka kidogo."

Alizunguka. Akasimama karibu na mwanamke aliyekuwa akishona kava la godoro, akamsalimia, wakaulizana hali. Akamuuliza, "Dada, uko hapa tangu lini?"

"Mimi? Siku nyingi tu, baba."

"Vizuri. Samahani, choo kiko upande gani? Uzee huu."

Mwanamke akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akamgeukia jirani yake na kumnong'oneza, "Eti, choo kiko wapi?" Jirani akapandisha mabega, naye akamuuliza wa tatu, ambaye pia hakujua.

Funua akakitafuta mwenyewe. Kilikuwa nyuma ya jengo. Mlango una kofuli lenye kutu, na majani yamepanda mlangoni hadi magotini.  Watu thelathini na wawili, siku nyingi tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubanwa na haja. Alirudi, akanywa chai akiwa amesimama, akaondoka.

Ijumaa asubuhi aliniletea ripoti niifaili. Niliisoma kama ilivyokuwa kawaida yangu, kutoka chini. Chini paliandikwa: "Mengineyo: Hakuna."

Nikasoma juu. "Nilifika kiwandani Alhamisi saa nne asubuhi. Mashine zote tatu zilikuwa zinafanya kazi. Wafanyakazi thelathini na wawili walikuwepo. Magodoro mia moja na kumi yalikuwa tayari kupelekwa sokoni. Mwenye kiwanda alinipa ushirikiano."

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Ripoti."

"Ulikaa kwenye kiti ukaiandika hii?"

"Kaka, onyesha sentensi moja ya uongo humo. Moja tu."

Nikaipitia. Haikuwemo. Hapo ndipo nilipoliona kosa lake, kosa ambalo mwongo wa kawaida hawezi kulifanya. Mwongo angeandika kwamba kiwanda kina hali nzuri, na mkaguzi mwenye akili angenusa. Funua aliamini kwamba akipanga kweli tano mfululizo, karatasi nzima itakuwa ya kweli. Alikuwa amezoea kuheshimu sentensi kiasi kwamba alisahau kuiheshimu ripoti.

"Umekiona kitu huko," nikasema.

"Nimeona nyumba yangu," akajibu, akatoka. Sikumfuata. Nilitoboa karatasi matundu mawili na kuifunga kwenye faili, kama nilivyolipwa kufanya.

Jumatatu wakaguzi wakaja watatu, wakapewa chumba cha kulia chakula wafanye ofisi. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Nilimpelekea faili la magodoro mwenyewe. Akafungua, akaona saini, akatabasamu.

"Huyu bado yupo? Mwiteni nimwone."

Funua akaja, akasimama mlangoni.

"Mzee, unajua ripoti zako tunazitumia kuwafundishia wakaguzi wapya? Ile ya mbwa mnono imetuchekesha miaka." Akalifunga faili. "Nilikuwa nimepanga kwenda kiwandani kesho. Kama ni wewe umefika, basi sina haja. Tutakwenda kwingine."

Funua alisema ahsante. Nilikuwa karibu naye, nikaona kidole gumba chake kikikwaruza kitasa cha mlango, kinapanda, kinashuka, kama mtu anayejaribu kutoa rangi.

Tangu Ijumaa ya ripoti hakukaliki. Mama Pacha alinisimulia mwenyewe. Akirudi kazini anazunguka nyumba kwa nje mara mbili, tatu, kama askari. Chakula anakula wima. Akiwekewa kiti anakishika mgongo kama anayetaka kukiuza. Jumanne jioni mkewe akachoka.

"Baba Pacha, tulia basi, unanizungusha kichwa. Umepoteza nini?"

Akamweleza. Choo, kofuli, majani, yote.

"Umeandika uongo?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sikuandika kweli."

"Kwani ni watu wangapi nchi hii hawajaandika kweli wiki hii, na wamekaa kwenye viti vyao wanakula?" Mama Pacha hakuwa mtu wa kuzungushwa. "Miezi kumi na minne. Jifunge mdomo miezi kumi na minne, hati ikitoka ufungue mdomo mpaka masikioni, mimi nitakushikia taa."

Akaenda kufunga milango. Mkewe akadhani amekubali.

Huenda angekubali kweli. Lakini Jumatano asubuhi alimkuta mshona sare akimngoja kwenye ngazi za benki. Huyu mama alikuwa anashona sare za shule kwa vyerehani vinne, na kwa miaka kumi na moja alikopa kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa na kulipa kabla ya siku yake. Miaka kumi na moja! Hata sisi wa ndani hatukufika kazini kwa wakati hivyo.

"Baba, simu imenikataa," alisema na kumpa aisome. Ujumbe ulisema ombi lake halikufanikiwa kwa sasa. "Nimeuliza dirishani, wananiambia tawi limemaliza fungu lake la mikopo la msimu huu. Limemalizwa na nani? Mbona mimi naombaga kidogo tu? Kosa langu nini, baba? Njoo uone, vitambaa viko vile vile, vyerehani viko vile vile. Njoo ufunue."

Funua alijua fungu limekwenda wapi. Mkopo wa tano wa magodoro ulikuwa umetolewa Jumatatu mchana, mara tu mkaguzi alipofunga faili, ili kuulipa wa nne.

"Huna kosa, mama," alimwambia.

"Sasa wananinyima kwa nini?"

Funua akapanda ngazi. Alipita ukumbini bila kusalimia mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia chumba cha kulia chakula. Wakaguzi walikuwa wanafunga mizigo. Gari lao lilikuwa la saa nane.

Nilikuwemo nikikusanya mafaili, kwa hiyo haya niliyaona na kuyasikia.

"Mama, lile la magodoro. Naomba nilipate."

"Limefungwa, mzee. Liko vizuri."

"Haliko vizuri. Kuna mengineyo."

Mama mkaguzi akavaa miwani. Nikampa faili. Funua akachukua kalamu mezani, akakata neno "Hakuna" kwa mstari mmoja ulionyooka ili lisomeke bado, akaandika chini yake, akiwa amesimama, ameinama: "Choo cha wafanyakazi kimefungwa kwa kofuli lenye kutu na majani yameota mlangoni. Wafanyakazi watatu hawakujua kilipo. Kwa maoni yangu watu hao walikodiwa siku hiyo. Kiwanda hakifanyi kazi." Akaweka tarehe na saini.

Mama akasoma taratibu.

"Una hakika? Nikishalichukua hili halirudi."

"Nina hakika."

"Na Ijumaa kwa nini hukuandika?"

"Nina nyumba."

Akamwangalia juu ya miwani. "Hilo siliandiki," akasema, akaingiza faili kwenye mkoba wake.

Siku hiyo hiyo wakaenda kiwandani. Mlinzi mmoja, mashine mbili. Ya tatu ilikuwa imerudishwa kwa mwenye mali aliyeikodisha. Wafanyakazi sifuri. Mkopo ukatangazwa chechefu, wote, tangu ule wa kwanza. Msomaji anayependa hadithi nzuri aishie hapo. Yaliyofuata hayana uzuri.

Meneja alihamishiwa makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia, kusimamia jambo linaloitwa ubora wa mikopo. Mwenye magodoro alipewa muda wa kujipanga, na nasikia sasa anakopa benki nyingine, kwa alama nzuri. Mshona sare hakupata mkopo msimu ule. Fungu likiisha limeisha. Alikopa kwa watu wa mtaani wanaotoza riba kwa wiki, na cherehani kimoja kikachukuliwa. Funua alipewa barua. Nilitegemea watamtafutia sababu ya mbali. Hapana, waliiandika wazi: uzembe mkubwa, kwa kuwasilisha ripoti mbili zinazopingana kuhusu mteja mmoja. Na kwa karatasi walikuwa sahihi. Kwenye kamati ya nidhamu hawakuniita shahidi, nami sikujipeleka. Nilistaafu mwaka uliofuata, nikapewa saa ya ukutani.

Riba ya nyumba ikapanda mara tatu. Kiinua mgongo kikazuiliwa. Mama Pacha alikuwa anafundisha chekechea, na mshahara wake wote haukufika nusu ya rejesho la mwezi. Funua alikwenda kuomba kazi kwa hawa wakopeshaji wapya wa kwenye simu. Walimuuliza ana uzoefu gani. Akasema anajua kumwangalia mtu. Wakamwambia mfumo wao hauangalii watu.

Mwezi wa pili simu ikaanza kumpigia. Sauti ya mwanamke, ya mashine, ile ile kila siku.

"Ndugu mteja, rejesho lako limechelewa kwa siku thelathini na nne."

"Ahsante, nimesikia," alikuwa anajibu. "Na wewe habari za kwako?"

"Unaongea na mashine, Baba Pacha."

"Najua. Lakini imetangulia kuniita ndugu."

Siku ya sabini meneja mpya, mtu mwema kwa namna yao, alimwita. Akampendekezea wampe mkopo mpya wa kulipia huu, siku zianze upya. Wangempangia hata miaka kumi. Funua alikuwa amesimama tena mbele ya meza ile ile.

"Yule wa magodoro alianzia hapo hapo," akasema.

"Lakini mzee, wewe si yeye. Wewe tunakujua."

"Mnanijua sana. Sina kipato. Ningekuwa ndiye niliyetumwa kuniangalia, ningeandika asipewe."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akamwambia mkewe kwamba atauza nyumba yeye mwenyewe kabla ya siku ya tisini. Mnada wa benki huuza nyumba kwa nusu ya thamani, na nusu hiyo dalali anakula kwanza. Wakiuza wenyewe wanaweza kulipa deni lote na kubakiwa na kitu cha kupangia vyumba viwili. Mama Pacha hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akaanza kutoa nguo kabatini, akazikunja upya, moja moja, akazirudisha. Siku tatu hakusema naye zaidi ya "chakula tayari".

Mnunuzi alipatikana siku ya themanini na moja: mwenye duka la vipuri vya magari, mtu mnene mchangamfu, pamoja na mkewe. Bei ilikuwa imekubaliwa kwa simu. Kilichobaki ni kuangalia nyumba na kusaini, na mimi nikaitwa niwe shahidi, maana watu wa umri wetu bado wanaamini kwamba saini inataka mtu wa kuitazama.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mama Pacha alikuwa amefagia, amefuta madirisha kwa kitambaa, ametandika meza. Mnunuzi alizunguka haraka haraka, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama wafanyavyo wasiojua ujenzi.

"Safi, safi. Mama, umeipenda?"

"Nimeipenda," akasema mkewe.

"Basi tusaini, mzee, tusiwachoshe."

Mama Pacha akashusha pumzi. Nikatoa kalamu.

"Dari la jikoni linavuja," Funua akasema. "Pembeni, upande wa jiko. Mvua kubwa tu, lakini linavuja."

Mnunuzi akainua macho kuelekea jikoni.

"Baba Pacha," mkewe akasema polepole.

"Na sogeza hilo kabati." Mnunuzi hakuelewa, kwa hiyo Funua akalisogeza mwenyewe, kwa bega, likilia sakafuni. Nyuma yake ufa ulipanda kutoka chini hadi usawa wa kifua. "Huu nimeuziba mara mbili. Unarudi. Msingi wa kona hii uko juu ya udongo laini. Fundi alinionya."

Mnunuzi akakuna kichwa. Uchangamfu ukampungua, biashara ikamrudia. Akamvuta mkewe pembeni wakanong'ona. Alipogeuka, alikuwa amepunguza milioni tatu.

Nilijua hesabu yao, na Mama Pacha aliijua kuliko mimi. Baada ya kulipa benki wangebaki na milioni tatu na laki nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya mwaka mzima na kianzio cha maisha. Sasa ilikuwa imebaki laki nne.

"Sawa," Funua akasema.

"Mzee, samahani kukuuliza," mnunuzi akasema. "Mbona unaniambia? Mimi nilikuwa nimeshakubali."

Funua alifungua mdomo.  Mama Pacha akamtangulia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta, na sauti yake ilikuwa kali kama ya mtu anayegombana sokoni.

"Na bomba la bafuni! Mwambie yote, umesahau bomba! Halifungi, linadondosha usiku kucha, na mlango wa chumba cha pacha hauna ufunguo mwaka wa tano sasa, na choo cha nje kinataka kubadilishwa mfuniko. Mwambie, mwambie! Si umeamua?"

Mnunuzi na mkewe waliinamisha macho. Hawakupunguza tena.

"La bomba nilikuwa nimelisahau," Funua akasema kwa unyenyekevu, akaenda bafuni.

Nilimfuata kwa kuwa karatasi zilikuwa zinamngoja. Nilimkuta amekunja mikono ya shati, ameshika bomba kwa viganja vyote viwili, anakaza. Tone lilikuwa linadondoka, anakaza, linachelewa kidogo, linadondoka.

"Kaka, wanakusubiri usaini."

"Wape chai," akasema. "Kuna mpira wa ndani umeisha. Nina mwingine mahali. Nipe dakika kumi."